Kiingereza cha Mijadala Kianzie Bungeni Kwetu

Mtu apitaye jioni katika mitaa ya Mwananyamala, Manzese, Tandika au Mbagala, baada ya saa za kazi, hakosi kukuta chumba chenye taa, ubao na watu wazima walioketi kwenye madawati. Wamo makarani, walimu wa shule za msingi, wauguzi, na vijana waliomaliza kidato cha nne bila kuridhika na Kiingereza walichotoka nacho. Hawa si watu wa kufundishwa salamu. Wanataka maneno mazito na semi, na njia iliyopata umaarufu miongoni mwao ni kusoma na kusikiliza habari za mijadala ya kisiasa. Mwalimu huwasikilizisha wagombea wa urais wa Marekani wakijibizana, au Wabunge wa London wakimzomea Waziri Mkuu wao, kisha huandika ubaoni maneno kumi na matano ya kukariri kwa ajili ya kesho.

Makala hii haina ugomvi na njia hiyo. Ina ugomvi na mahali inapoanzia.

Njia yenyewe ni nzuri, na yafaa isemwe wazi, kwani wapo wakubwa wa elimu wanaoiona kuwa ni siasa iliyopenyezwa darasani. Lugha ya mjadala ni lugha iliyo kazini. Mtu anayejadili hana budi kukubali kidogo ili akatae zaidi, kumsifu mpinzani ili amwangushe, kukwepa swali bila kuonekana amekwepa, na kurudi kwenye hoja baada ya kukatizwa. Mambo hayo hayamo katika mazoezi ya sarufi, na ndiyo hasa mtumishi wa umma anayoyahitaji anapokaa mezani na wageni kuzungumzia mkopo au mkataba.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyefundisha Pugu, pembezoni mwa jiji hili, mpaka alipoiacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, alilifahamu jambo hilo. Tamthilia ya kwanza ya Shakespeare aliyochapisha kwa Kiswahili ilikuwa ile ya Julius Caesar, mwaka 1963, akiwa tayari Rais. Kiini cha tamthilia hiyo ni hotuba mbili za kisiasa mbele ya umati mmoja. Brutus anaeleza kwa nini ameua. Antony anasimama baada yake, anamsifu Brutus tena na tena kwa neno lilelile, mpaka sifa inageuka kuwa tusi na umati unashika mienge. Mtu aliyeweza kuyahamisha maneno hayo katika Kiswahili alikuwa amekwisha kuyaelewa kuliko yule aliyeyakariri, na bado hakuridhika: aliirekebisha kazi hiyo na kuitoa tena mwaka 1969.

Sasa tutazame inakoharibikia. Spika wa Bunge la Uingereza anapokwisha kuwahoji Wabunge hutangaza kwamba "the ayes have it". Mwanafunzi asiyejua kinachotendeka husikia neno la macho, akaandika katika daftari lake kwamba macho wanayo. Kamusi haimwokoi, maana akilitafuta neno alilolisikia atayakuta macho kweli. Hata hivyo mwanafunzi huyo huyo amekwisha kumsikia Spika wetu mara nyingi, redioni na katika televisheni, akisema kwamba waliosema ndiyo wameshinda. Ni tendo lilelile, katika hatua ileile, kwa sababu ileile, kwa kuwa Bunge letu lilirithi sehemu kubwa ya taratibu zake kutoka Westminster. Kama mwalimu angeanzia Dodoma, somo lingechukua dakika mbili. Kwa kuwa ameanzia London, limechukua saa nzima na limeacha kosa.

Neno "table" lina mkasa mkubwa zaidi. Kwa Waingereza, kuiweka hoja mezani ni kuileta ijadiliwe. Kwa Wamarekani ni kuiweka kando isijadiliwe. Winston Churchill ameeleza katika kumbukumbu zake za Vita ya Pili ya Dunia jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu, na kwa ukali, juu ya waraka mmoja, mpaka walipogundua kwamba wote walikuwa wakitaka jambo lilelile. Ikiwa wenye lugha walifikishana hapo wakati mabomu yanaanguka, mkufunzi wa Manzese anayechanganya kanda ya Marekani na ya Uingereza katika jioni moja anawapeleka wanafunzi wake wapi? Mwanafunzi wa Kitanzania, lakini, ana kigingi cha kujishikiza. Shughuli za Bunge letu zina sehemu iitwayo hati za kuwasilisha mezani, na kila anayezifuatilia anajua kwamba hati ikiwekwa mezani imeletwa, haikufichwa. Akiishika hiyo kwanza, maana ya Kiingereza itakaa mahali pake, na ile ya Kimarekani ataiona jinsi ilivyo: tofauti ya kukumbukwa.

Kisha iko shilingi yetu. Kila mwaka Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, Mbunge asiyeridhika na maelezo ya Waziri husimama na kutoa hoja ya kuondoa shilingi katika mshahara wa Waziri huyo. Shilingi moja haimlazi Waziri njaa. Ni njia ya kumsimamisha, kumlazimisha kujibu, na kuwafanya Wabunge wengine waingie katika hoja. Msemo wa kushika shilingi umetoka Bungeni ukaingia vibarazani, na leo mtu wa Temeke asiyemwamini jirani yake husema kwamba shilingi ya huyo bado anaishika. Sasa na atafutwe mwanafunzi hodari katika darasa la Kiingereza, aulizwe ataiandikaje habari hiyo kwa msomaji wa Lagos au Edinburgh. Akitafsiri neno kwa neno, msomaji atadhani Watanzania wanagombania sarafu. Akieleza taratibu zote, habari itajaa ukurasa. Baina ya hayo mawili ipo sentensi nzuri ya Kiingereza, na kuitafuta kutamfunza mtu juu ya hoja, mshahara, makadirio, uwajibikaji na kejeli kuliko maneno kumi na matano ya ubaoni.

Semi nyingine za wenzetu zina historia za kupendeza, na si vibaya zikijulikana. Neno la Kiingereza la anayewapanga Wabunge wa chama wakati wa kura, "whip", limetoka katika uwindaji wa mbweha, kwa mtu aliyewazuia mbwa wasitawanyike. Sisi humwita mnadhimu, kutokana na nidhamu, na kila mtu na apime mwenyewe ni lugha ipi iliyowaheshimu Wabunge zaidi. Neno "gerrymander" lilizaliwa Massachusetts mwaka 1812, Gavana Elbridge Gerry alipotia saini mipaka ya majimbo ya uchaguzi iliyopindwa hata mmojawapo ukafanana na mnyama wa hadithi. Ubungo ilipotengwa na Kinondoni, na Kigamboni ilipotengwa na Temeke, hapakuwa na haja ya Gerry ili mkazi aulize mpaka unapita wapi na yeye ameangukia upande gani. Swali hilo analo tayari, na neno la Massachusetts lina mahali pa kukaa.

Lakini msemo wa kuvuka sakafu unahitaji tahadhari. Katika ukumbi wa London pande mbili zinatazamana, na Mbunge anayehama chama huvuka nafasi iliyo katikati, akaketi ng'ambo. Churchill alivuka hivyo mwaka 1904 na akaendelea kuwa Mbunge. Kwetu, Katiba inasema kwamba Mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka Bungeni anapoteza kiti chake. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kwamba Mbunge fulani wa Tanzania amevuka sakafu ameandika Kiingereza safi na habari ya uongo.

Hapo ndipo jambo linapokuwa zito kuliko sarufi. Habari za siasa hazileti maneno matupu, huleta maneno yaliyokwisha kuhukumu. Wasomaji wenye umri wanakumbuka kwamba Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963. FRELIMO iliundwa hapa Juni 1962. Kurasini, katika Temeke, palikuwa na Taasisi ya Msumbiji iliyosomesha vijana wa nchi hiyo. Eduardo Mondlane aliuawa Oysterbay, katika Kinondoni, tarehe 3 Februari 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Watu hao mitaa yetu iliwajua kama wapigania uhuru. Katika magazeti mengi ya nchi za Magharibi walikuwa magaidi. ANC ya Afrika Kusini ilibaki imefungwa na sheria za Marekani za kupambana na ugaidi hata baada ya Nelson Mandela kuwa Rais na kustaafu, na ilipofika mwaka 2008 ndipo sheria ikapitishwa huko ya kumwondolea yeye na wenzake kizuizi hicho.

Kijana anayekariri leo orodha ya maneno ya mjadala hupewa "regime" na "government" kana kwamba ni ndugu pacha, akaambiwa la kwanza ni la ngazi ya juu zaidi. Hapewi habari kwamba la kwanza hutumiwa kwa serikali ambayo mwandishi haipendi. Kesho atalitia katika insha yake juu ya nchi jirani, na atakuwa ametukana bila kujua na bila kukusudia. Hilo si kosa la sarufi ambalo mtahini ataliwekea wino mwekundu. Litapita, litapata alama nzuri, na litakaa kichwani mwake maisha yote.

Dawa yake si kuwanyima wanafunzi magazeti ya nje. Dawa ni kuwapa kwanza mjadala ambao pande zake wanazifahamu. Mtu aliyekuwapo kwenye ugomvi husoma habari ya ugomvi kwa jicho la shahidi. Akikuta neno limeelemea upande mmoja, atalihisi, hata kama kamusi haijamwambia. Akikwisha kuuzoea mtego huo katika habari za nyumbani, ataujua pia atakaposoma za Washington.

Sasa tuseme na watumishi wenzetu wa ofisini. Mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Ndugu Rashidi Kawawa, aliagiza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli za Serikali, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Pamoja na hayo, wapo miongoni mwetu ambao kila msemo mpya wanaojifunza jioni huutafutia barua ya kuuvalisha asubuhi. Nimewahi kuonyeshwa barua aliyoandikiwa mzee mmoja wa Mbagala kuhusu kiwanja chake. Ofisi iliyoiandika haina haja ya kutajwa. Ilimalizia kwa msemo wa Kiingereza unaotokana na mchezo wa tenisi, wenye maana kwamba sasa ni zamu yake kuchukua hatua. Mzee alimpa mjukuu wake wa kidato cha pili amsomee. Mtoto akasoma kwa uaminifu kwamba mpira uko mahakamani kwake. Mzee akafunga safari kwenda mahakamani kuuliza kesi yake itasikilizwa lini, na wakati huo tarehe ya kukamilisha malipo ilikuwa inapita.

Huyo aliyeandika bila shaka ni msomi, na msemo wake haukuwa na kosa. Aliyekosea ni nani? Si mjukuu, ambaye alitafsiri alichokiona. Kiingereza cha juu tunakitafuta kwa ajili ya meza ambako Kiingereza kinatakiwa, na meza hizo zipo. Bunge la Afrika Mashariki pale Arusha, ambalo nchi yetu hulipelekea Wabunge tisa wa kuchaguliwa, huendesha sehemu kubwa ya majadiliano yake kwa Kiingereza, na wanaotaka kwenda huko wamekuwa wakijieleza kwa lugha hiyo mbele ya Wabunge wetu wanapoomba kura. Anayejua semi za mjadala akaenda kuzitumia Arusha ameleta faida. Anayezitumia kwa mzee wa Mbagala amemfungia mlango na kuondoka na ufunguo.

Hapana shaka baadhi ya walimu watapinga. Watasema kwamba Kiingereza cha magazeti ya Dar es Salaam si cha wenyewe, na kwamba mwanafunzi anywe maji kwenye chemchemi. Hiyo ni kasumba ya zamani na inashangaza kuikuta hai. The Standard na The Nationalist yalipounganishwa mwaka 1972 na kuzaliwa Daily News, aliyekabidhiwa uhariri alikuwa Ndugu Benjamin Mkapa, ambaye alisomea Kiingereza Makerere na alikwisha kuwa mhariri wa The Nationalist tangu 1966. Kiingereza chake hakikuwa na sababu ya kuomba radhi kwa mtu. Ni kweli kwamba magazeti ya leo hayafanani kwa ubora, na habari nyingine zimeandikwa kwa haraka. Mwalimu anayejua kazi yake ataifanya habari mbovu kuwa somo zuri kuliko habari safi, kwa kuwaambia wanafunzi waisahihishe.

Wengine watasema kwamba tatizo ni kubwa kuliko hilo, na hao wana haki. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza na kukuta kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu kilikuwa chini mno kuweza kubeba masomo, lakini bado wakashauri kiendelee kufundishia, na mwaka huo Mwalimu Nyerere alikiita Kiswahili cha dunia. Watoto wa Temeke wanaosoma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi wanaendelea kukutana na fizikia kwa Kiingereza kidato cha kwanza. Mabishano juu ya sera hiyo hayajakwisha na makala hii haitayamaliza. Inasema tu kwamba mtu mzima aliyepitia njia hiyo, akatoka na Kiingereza cha kukariri, hastahili kukaririshwa tena jioni kwa fedha yake mwenyewe.

Vifaa vipo, na vingi havina bei. Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge zinapatikana kwa Kiswahili. Majadiliano ya Bunge la Afrika Mashariki yanapatikana kwa Kiingereza. Hotuba ya bajeti husomwa Dodoma kila Juni kwa Kiswahili, na Wizara ya Fedha hutoa pia nakala yake ya Kiingereza, na kwa kawaida Kenya na Uganda husoma za kwao siku hiyo hiyo au karibu nayo. Mwalimu akiziweka mbili zetu sambamba, aya kwa aya, amepata kitabu ambacho hakuna duka lililomwuzia. Aanze na Kiswahili. Wanafunzi wabishane kwa Kiswahili mpaka hoja iwe wazi. Ndipo wafunue Kiingereza waone kimeisemaje, na mwisho wakirudishe katika Kiswahili bila kutazama, wapime kilichopotea njiani.

Kwa anayetaka kuanza juma lijalo, na aanze na tozo ya miamala ya simu. Ilianza kutozwa Julai 2021, ikazusha malalamiko nchi nzima, na Septemba mwaka huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Hakuna mtu Tandika ambaye hakuwa na maoni juu yake. Kiswahili kina kodi, ushuru, ada na tozo. Kiingereza kina maneno yake manne au matano ya kukabiliana na hayo, wala hayalingani moja kwa moja, na magazeti ya wakati ule hayakukubaliana ni lipi litumike, kwa sababu kulichagua neno kulikuwa ni kuchagua upande. Mwalimu atafute habari mbili za Kiingereza, moja ya Julai na moja ya Septemba, azigawe, na kabla mtu hajafungua kamusi amwulize kila mmoja aeleze kwa Kiswahili yeye mwenyewe alikatwa shilingi ngapi.